Fidia, Ghorofa na Benchi la Mama

Kila Jumapili baada ya ibada, bibi Nastasia alikaa kwenye benchi mbele ya lango la nyumba yao. Benchi lilikuwa la mbao, la zamani, na katikati lilikuwa limelika kwa kukaliwa. Wanawake wengine wa mtaa walikuja kukaa naye, wamevaa sketi zao za maua na vitambaa safi vya kichwa. Kila aliyepita alisalimia.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama!"

"Milele, amina!" alijibu Nastasia kwa sauti kubwa. Mtu akishapita kidogo, maswali yalianza. "Huyu si mjukuu wa Gafia? Mbona amekonda hivi? Mkewe hajui kupika?"

Irina, mke wa mwanawe, aliwasikia akiwa dirishani akacheka peke yake. Mama mkwe wake alikuwa na nyonga mbovu. Hakuweza tena kukamua ng'ombe wala kupanda mlima kufuata kondoo. Lakini hakuna jambo lililotokea kijijini Poienița asilolijua. Aliyechumbia, aliyegombana, aliyenunua trekta, wote walipita mbele ya benchi lile.

Mwaka huo serikali ilichora barabara kuu mpya. Barabara ikapita katikati ya bustani ya miplamu ya Toader, mume wa Irina, na juu ya nyumba yao. Wakaahidiwa fidia. Toader hakuamini. Aliendelea kuuza plamu na jibini ya kondoo kama kawaida, mpaka siku moja wakati wa kiangazi alipoitwa benki. Alirudi amevua kofia, ameishika mkononi.

"Zimeingia," alisema.

"Zote?" Irina aliuliza.

"Zote. Nimemwuliza yule dada wa benki mara mbili, mpaka akanicheka. Irina, sisi ni matajiri!"

Irina aliketi. Alifurahi, na papo hapo moyo ukamwuma. Nyumba yao ingebomolewa. Walitakiwa wawe wametoka kabla ya siku ya Mtakatifu Dumitru, mwishoni mwa Oktoba, wakati wachungaji wanaposhusha kondoo kutoka milimani. Sasa wangekaa wapi?

Toader hakuwa na shida na swali hilo. Jibu alikuwa nalo tangu zamani. Kaka yake, Gavril, alikuwa amejenga ghorofa moja kubwa baada ya miaka mingi ya kazi Ufaransa. Lilikuwa na roshani mbili na ngazi za marumaru. Kila Toader alipopita pale alikohoa kidogo, ingawa hakuwa na kifua.

"Yeye ana ghorofa moja. Mimi nitaweka mbili," alisema Toader. Alikuwa amekwisha kuchagua kiwanja kule mwanzo wa kijiji, kando ya barabara ya lami. Fundi mkuu alikuwa amekwisha kumchorea nyumba. "Tazama, mama. Roshani tatu! Vyuma vya ngazi vinavyong'aa. Na simba wawili wa saruji mlangoni."

Nastasia aliutazama mchoro ule. "Simba watakula nini?" aliuliza.

"Mama, hao ni wa pambo."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Ghorofani! Utaona kijiji kizima kutoka juu."

Irina aliona jinsi mkono wa bibi ulivyoshuka taratibu na kushika nyonga yake. Kule kwenye kiwanja kipya hapakuwa na jirani, wala kanisa, wala duka. Magari yalipita kwa kasi. Nani angesimama kumsalimia?

"Toader, tungoje kidogo," alisema Irina.

"Tungoje nini? Fundi anataka malipo ya kwanza wiki hii. Akishapata kazi nyingine, tumemkosa."

Kumpinga Toader mbele ya mchoro wake kulikuwa sawa na kumpinga fahali mbele ya majani mabichi. Irina alijifunga kitambaa chake akaenda kwa Palaghia.

Palaghia alikuwa jirani yao wa upande wa kanisani, ambako barabara mpya haikufika; mjane, mkubwa kwa Irina kwa miaka michache. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wamefanya kazi Italia, mume katika ujenzi, yeye akiwatunza wazee majumbani. Walirudi wakajenga ghorofa lililoshangaza watu. Mume akafa. Watoto wakabaki Italia. Na Palaghia mwenyewe aliishi uani, katika jiko la nje, chumba kimoja chenye jiko la kuni, kitanda na paka. Lile ghorofa lilifungwa mwaka mzima isipokuwa mwezi wa nane, wajukuu walipokuja.

Nusu ya wenye maghorofa Poienița waliishi hivyo hivyo, nyuma ya nyumba zao. Kila mmoja aliificha siri yake, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Irina alimweleza yote. Palaghia alisikiliza huku akimenya viazi.

"Umemwambia kwamba ghorofa ni baridi?" aliuliza.

"Nimemwambia, dada. Anasema ni wivu wa wanawake."

"Basi maneno hayatasaidia. Anataka ghorofa? Tumpe ghorofa."

Palaghia alifuta mikono, akachukua funguo zake, wakaenda pamoja. Toader alikuwa uani ananoa panga la kufyekea.

"Toader, mdogo wangu, nimesikia una haraka."

"Dada Palaghia, kama umekuja kunizuia, keti kwanza nikumiminie pombe kidogo, maana utachoka bure."

"Mimina, lakini sikuja kukuzuia. Nyumba yenu inabomolewa. Hata fundi akianza leo, kabla ya theluji hatakuwa amefika popote. Mtalala wapi majira ya baridi?"

Toader alikuna kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Chukua funguo hizi," alisema Palaghia. "Kaeni kwenye ghorofa langu. Sitaki kodi. Kuni mtanunua wenyewe. Fedha yako iache benki itulie, iweke kwenye ile akiba ya miezi kadhaa ambayo inazaa faida kidogo. Pasaka ikifika na bado unataka roshani tatu, nitabeba matofali ya kwanza kwa mikono yangu, na kijiji kizima kitanitazama."

"Na fundi?"

"Fundi asiyeweza kungoja mpaka Pasaka anataka fedha yako, hana haja na nyumba yako. Hasara ya kungoja ni ndogo, Toader. Ukijenga vibaya, utaamka nayo kila siku ya Mungu."

Toader alizitazama funguo. Kukaa katika ghorofa la marumaru bila kulipa! Na Gavril angepita amwone roshani! Alicheka akazichukua. "Dada, andaa mgongo wako kwa matofali."

Walihama wiki mbili baadaye. Mama Nastasia alipewa chumba cha juu kilichokuwa na mapazia ya hariri. Toader alitembea kutoka chumba hadi chumba, mikono nyuma, kama askofu anayekagua kanisa. Jioni alisimama roshani mpaka Irina akamwita mara tatu kuja kula.

Oktoba ilikuwa tamu. Novemba theluji ikaanguka.

Ghorofa lilipashwa moto na tanuri moja la kuni lililokuwa chini kabisa. Joto lilipita kwenye mabomba hadi vyumba vyote. Kila chumba kilitaka chake. Irina alilisha tanuri alfajiri, akalilisha adhuhuri, akalilisha jioni, na bado marumaru ziliuma miguu kupitia soksi za sufu. Rundo la kuni ambalo katika nyumba yao ya zamani lingewafikisha masika lilikuwa limekwisha kabla ya Krismasi. Toader akanunua jingine, akiguna.

Lakini kilichomwumiza Irina hakikuwa kuni. Ngazi zilimshinda mama mkwe wake. Mwanzoni Nastasia alishuka kinyumenyume, ameshika chuma kwa mikono miwili, Irina akiwa nyuma yake. Baadaye alianza kusema hana njaa. Kisha akasema ibada ataifuata redioni. Jumapili moja Irina alimpelekea chai na kumkuta kwenye kiti dirishani. Chini, watu walikuwa wanatoka kanisani. Mmoja mmoja waliinua macho na kumpungia mkono. Vinywa vyao vilifunguka, sauti haikufika.

Na Nastasia, nyuma ya kioo, aliwajibu mmoja mmoja. "Milele, amina. Milele, amina." Aliwajibu polepole, na hapakuwa na aliyemsikia.

Irina aliweka chai chini, akatoka nje akalia.

Siku chache baadaye, saa ya kupika chakula cha mchana, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Irina alitafuta vyumba vyote. Toader alikimbia hadi barabarani bila koti. Kisha wakasikia kicheko kutoka jiko la nje. Nastasia alikuwa amekaa kando ya moto wa Palaghia, paka mapajani, akila ugali na jibini.

"Umefikaje hapa, mama?" Toader alipiga kelele.

"Kwa makalio," alijibu Nastasia. "Ngazi moja moja, kama mtoto mdogo. Usinifokee. Joto liko huku, na watu wako huku."

Tangu siku hiyo hakurudi juu. Palaghia alimpa kitanda chake, yeye akalala kwenye benchi pana lililo kando ya jiko. Wiki ile ile Irina akabeba sufuria zake akahamia humo kupika. Kilikuwa chumba kimoja, lakini mtu alifikia kila kitu kwa kunyoosha mkono. Majirani walipita, wakagonga, wakaingia, wakaketi.

Mchana kutwa Toader alibaki peke yake katika ghorofa. Alikula huku amevaa koti na kofia. Alipoulizwa kama anasikia baridi, alijibu, "Baridi? Hewa safi hii."

Siku ya pili ya Krismasi, Gavril alikuja kumtembelea. Toader alikuwa ameingoja siku hiyo. Alimpandisha hadi sebule ya juu, akamwonyesha taa za vioo, akammiminia pombe ya plamu. Irina aliwaletea majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama. Mvuke wa chakula ulipanda juu, na mvuke wa midomo yao ukapanda pamoja nao.

Ndugu wawili walikaa. Hakuna aliyevua kofia. Gavril alianza kutetemeka, akajifanya anakohoa.

"Nyumba nzuri," alisema Gavril.

"Nzuri sana," alisema Toader.

Toader alipuliza vidole vyake.

"Kaka," Toader akauliza mwishoni, "wewe kwako unaifanyaje hii baridi?"

Gavril alitazama glasi yake. "Nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Sijui. Tangu nimalize kujenga sijawahi kulala ndani wakati wa baridi. Ninalala jikoni, uani. Mke wangu anasema ghorofa ni la mazishi na harusi."

Toader alimtazama. "Miaka yote hii? Nami ninapita pale ninakohoa!"

"Nilidhani una kifua!"

Walicheka mpaka Gavril akamwaga pombe kwenye marumaru. Kisha Toader akachukua sahani mkononi. "Twende chini," alisema. "Chakula kinaganda."

Palaghia alipowaona wakiingia jikoni wamejaa theluji mabegani, hakusema lolote la kumcheka mtu. Alisogeza viti tu. Irina alilikumbuka jambo hilo siku zote. Mwanamke huyu alikuwa amefungua nyumba yake ya fahari ili watu waone ilivyo baridi, jambo ambalo wenzake wote walilificha, na sasa aliposhinda hakutaka hata kusifiwa. Irina alijiambia: laiti ningekuwa na nusu ya moyo wake.

Baada ya chakula Toader alisema, "Haya, dada. Nimekubali. Nifundishe. Mtu anachaguaje mahali pa kukaa?"

"Mimi si mwalimu," alisema Palaghia. "Nitakuambia nilichokiona Italia. Nilimtunza bibi mmoja mwenye jumba la vyumba tisa. Vyumba vinane vilikuwa na vumbi. Yeye aliishi jikoni na mimi. Akaniambia, nyumba niliwajengea watu wa kupita njiani, na wao hawakuingia hata mara moja. Nikarudi hapa na bado nikajenga vile vile! Kwa hiyo usione haya. Wote tuliambukizwa."

Nastasia alicheka.

"Sasa jiulizeni," Palaghia aliendelea. "Siku ya kawaida, si ya harusi, mnakaa wapi na mnafanya nini? Nyonga za mama zitapanda ngazi ngapi? Za kwako je, Toader, baada ya miaka kumi na tano? Daktari, duka, kanisa, basi, mnafika kwa miguu theluji ikiwepo? Na nyumba yenyewe ina tumbo. Inakula kuni, inakula kodi, inakula rangi na mabati. Watu huuliza nyumba inajengwa kwa kiasi gani. Hawaulizi inalishwa kwa kiasi gani kila mwaka."

"Dorina anataka tuhamie mjini," alisema Irina. Dorina alikuwa binti yao, mwuguzi. "Anasema tununue nyumba karibu naye, hospitali iko jirani."

"Si wazo baya. Wapo wanaofaa mjini, na mtu mgonjwa anahitaji kuwa karibu na hospitali. Lakini msinunue kwa kusikia. Nendeni mkakae kwanza, kama mlivyokaa hapa."

Wakaenda kwa Dorina mwezi wa pili. Nyumba ilikuwa na joto zuri, na lifti ilimpandisha Nastasia kama malkia. Daktari wa hospitali alimpima nyonga na kusema inaweza kufanyiwa upasuaji. Hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini kila asubuhi Nastasia alikaa kwenye benchi la chini ya jengo na kusalimia kila anayepita. Watu waliharakisha. Mmoja alidhani anaomba, akampa sarafu.

"Nimeichukua," aliwaambia jioni. "Nione haya ya nini? Lakini turudini nyumbani."

Masika yalipofika, Toader alikuwa ameshajua la kufanya. Karibu na kanisa, lango kwa lango na Palaghia, palikuwa na kiwanja cha mwalimu mmoja aliyehamia kwa wanawe. Kilikuwa kidogo. Toader hakukinunua haraka. Alikwenda kwanza kwa wakili kuhakikisha kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi na kwamba hakuna mrithi mwingine wala deni juu yake. Alikizunguka siku ya mvua kuona maji yanakotuama. Ndipo akalipa.

Nyumba ilijengwa kiangazi hicho, ya chini, isiyo na ghorofa wala ngazi hata moja. Katikati ilikuwa na jiko kubwa lenye joto, na chumba cha mama kiligusana na ukuta wa jiko hilo. Choo kilikuwa ndani. Kuta zilikuwa nene na madirisha ya vioo viwili. Fedha iliyobaki, nayo haikuwa haba, waliigawa. Sehemu ya nyonga ya mama, sehemu ya kondoo wapya na miche ya miplamu, sehemu ikabaki benki kwa siku wasizozijua.

Watu wa Poienița hawakuacha kusema. Fundi yule wa simba alipita siku moja akasimamisha gari.

"Toader! Naona umemaliza jiko la nje. Nyumba yenyewe unaanza lini?"

Mwaka uliopita neno kama hilo lingemfanya Toader asilale. Irina alisimama mlangoni akiogopa atajibu nini.

"Nyumba ni hii," alisema Toader kwa utulivu. "Karibu ndani uvue kofia. Humu zinavuliwa."

Irina alimtazama mumewe, akamwona mrefu kuliko ghorofa lolote. Katika kijiji kile, mwanamume mwenye fedha kujenga kidogo ni kazi ngumu kuliko kubeba mawe. Naye alikuwa ameifanya mchana kweupe, kando ya njia, kila mtu akiona.

Kulikuwa na fahari moja tu ambayo Toader hakuiacha. Kabla ya nyumba ya zamani kubomolewa, alikuwa amelifungua lango la marehemu baba yake, lile la mwaloni lililochongwa jua na kamba, akalihifadhi ghalani kwa Gavril. Sasa ndugu hao wawili walilileta kwa mkokoteni na kulisimamisha mbele ya nyumba mpya. Lilikuwa kubwa hata likaizidi nyumba kimo. Gavril alicheka, kisha akasema, "Na mimi natafuta mtu wa kunipunguzia vyumba."

Ndani ya mkokoteni, kimefunikwa kwa gunia, kulikuwa na kitu kimoja zaidi. Toader alikishusha mwenyewe na kukiegemeza kando ya lango. Lilikuwa ni benchi.

Jumapili iliyofuata Nastasia alitoka kanisani kwa miguu yake, fimbo mkono mmoja, Palaghia mkono wa pili. Njia ilikuwa fupi. Akaketi mahali pake, pale katikati palipolika. Wanawake wakaja wakajipanga kushoto na kulia. Toader alipotoka ili naye aketi hakupata nafasi, ikabidi asimame.

Kijana mmoja alipita na baiskeli. "Tumsifu Yesu Kristo, mama!"

"Milele, amina!" Nastasia alijibu, na safari hii sauti yake ilivuka njia, ikafika hadi kwenye ngazi za kanisa. Alingoja kijana apite kidogo, akamgeukia Irina aliyesimama langoni.

"Huyu ni wa nani?" aliuliza. "Mbona amekonda hivi?"